Kamera Isiyo na Mlio

Asubuhi ya mazishi ya Nashon, mke wangu Truphena alinipigia pasi koti jeusi juu ya meza ya kulia, akiwa ametandika blanketi chini yake, na bila kuinua macho akaniuliza, "Utasimama kwenye picha?" Nilimwambia nitasimama. Mimi ni ndugu wa mama yake Nashon, na kwetu picha za mazishi hazikamiliki mpaka wajomba wameitwa na kusimama kando ya jeneza. "Najua utasimama," akasema. "Nauliza utasimama na uso gani." Alinikabidhi koti likiwa bado na joto la pasi, akaenda jikoni kujaza chai kwenye chupa, na nikasikia akifunga kifuniko kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Wengi wanaoandika habari za maisha yao huchagua mwaka wa ujana: mwaka wa shule, wa jando, wa safari ya kwanza. Mwaka ulionifinyanga mimi ulichelewa. Ulinikuta nikiwa na mvi na wajukuu, mzee wa kanisa, na mpiga picha ambaye watu wengi wa mji wa Kakamega walikuwa wamewahi kukalia kigoda chake. Ulikuwa mwaka wa kuchagua kamera. Nikisema hivyo watu hutabasamu, kwa sababu kamera ni kitu cha dukani, na mtu wa umri wangu anatarajiwa kukumbuka njaa, au vita, au siku aliyookoka. Lakini Mungu hamjaribu kila mtu kwa jambo kubwa. Mimi alinijaribu kwa chombo kinachoenea mkononi. Nilidhani nimeupita mtihani huo, na nilimshukuru kwa kunipitisha, hadi juzi.

Studio yetu ilikuwa nyuma ya soko. Mbele palikuwa na ukuta wa matofali, nyuma mabati, na ndani pazia lililochorwa maporomoko ya maji ambayo hakuna aliyejua ni ya wapi. Palikuwa na benchi ya wateja, kioo cha kujitazamia, na kitana kilichofungwa kwa kamba kisiondoke na mtu. Upande wa kushoto tulitenganishwa kwa ukuta wa plaiwudi na hoteli ya Mama Fatuma, mama wa Mumias, ambaye kila asubuhi alinisalimia "Asalaam aleikum, mzee" na mimi nikamwitikia, kisha nikamwambia Bwana asifiwe, naye akacheka. Kupitia ukuta ule tulisikia kila kitu: nani ameposa, nani amefutwa kazi kiwandani, nani amekula akatoka bila kulipa. Harufu ya mandazi yake iliingia kwenye nguo za wateja wetu, na nimewahi kufikiri kwamba kama picha zingekuwa na harufu, nusu ya pasipoti za Kakamega zingenukia iliki.

Nashon alikuwa mshirika wangu. Nilimfundisha kazi alipomaliza shule, na kufikia mwaka huo alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, mwenye mkono mzuri na maneno matamu kwa wateja. Aliniita khotsa, yaani mjomba kwa lugha ya nyumbani, na kwa kuwa aliita kwa sauti, wateja nao wakaanza kuniita hivyo, hata wale wasiojua maana yake. Kamera yetu ilikuwa moja nzuri, na nyingine ya akiba ambayo haikufaa kitu. Ile nzuri ilinyeshewa kwenye mazishi huko Mautuma. Tuliipangusa, tukaianika, tukaizika ndani ya mchele kama tulivyoshauriwa, lakini haikurudi. Hapo ndipo swali lilipokuja.

Kwa asiyejua, nitaeleza kwa ufupi. Kamera tuliyoizoea, ambayo vijana huiita DSLR, ina kioo ndani. Mwanga unaingia kwa lenzi, unagonga kioo, unapanda mpaka kwenye jicho lako. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu kupisha mwanga, na huo ndio mlio, kacha, ambao watu wote wanaujua. Kamera mpya, ambazo huitwa mirrorless, hazina kioo hicho. Ni ndogo, nyepesi, na unapochungulia kwenye kidirisha chake huoni kitu chenyewe, unaona kama televisheni ndogo inayokuonyesha kitu hicho. Watu wa kazi yetu walibishana juu ya hizi mbili kama washiriki wanavyobishana juu ya ubatizo wa maji mengi na wa maji machache. Mimi sikuwa na ubishi. Nilikuwa na haja.

Mapema mwaka huo daktari wa macho alikuwa ameniambia kwamba sehemu ya kati ya jicho langu la kulia imechakaa, kwamba miwani haitasaidia wala kisu, na kwamba la kushoto litafuata polepole. Nilimwambia Truphena. Kisha nikamwambia Nashon, kwa sababu mkate wake ulitegemea macho yangu. Ilikuwa saa ya chakula. Truphena alikuwa ametufungia obusuma, ugali wetu, na kuku, na tulikula kwenye benchi ya wateja tukiwa tumeegemeza mlango. Nilipomaliza kumweleza, aliacha kula. Alinawa mkono, akaupangusa, akanishika begani. "Khotsa," akasema, "hilo nimelisikia. Tutanunua ile itakayokufaa wewe. Si wewe ndiye ulinishikisha kamera?" Halafu akachukua firigisi, ambayo kwetu ni ya mkubwa, akaisogeza upande wangu wa sahani, ingawa nilikuwa nimemwachia yeye. Niliila. Usiku ule nilipiga magoti nikamshukuru Mungu kwa mpwa kama huyo, na Truphena akasema amina.

Kanisani kwetu palikuwa na ndugu mmoja, Lihanda, aliyekuwa kiongozi wa wageni msituni Isecheno. Alikuwa na mirrorless aliyoachiwa na mgeni mmoja, akaitumia kupigia picha ndege. Jumapili moja baada ya ibada aliniwekea mkononi. Niliweka jicho la kushoto kwenye kidirisha, nikakielekeza kwenye mti wa mparachichi nyuma ya kanisa. Kingo za majani zikawaka rangi nyekundu mahali lenzi ilipoyashika sawa, na nilipobonyeza kitufe alichonionyesha, jani moja likakua likajaza kidirisha chote, mishipa yake yote. Nilitoa jicho nikalipangusa. "Moshi?" Lihanda akauliza, maana akina mama walikuwa wanapika chai hapo karibu. Nikasema ndiyo, moshi. Kisha akasimama mbele yangu akaniambia nimtazame yeye, na mraba mdogo ukatoka wenyewe ukaenda kukaa juu ya jicho lake. Akigeuka, unamfuata. "Inatafuta jicho la mtu," akasema. "Wewe kazi yako ni kubonyeza tu, mzee." Mtu anayepoteza macho, ameshika kitu kinachotafuta macho. Niliona mkono wa Mungu hapo, na hata leo sitaki kusema sikuuona.

Akaniazima kwa harusi ya binti wa kanisa letu. Picha zilitoka safi kuliko za miaka mingi. Lakini Lihanda alikuwa ameizima sauti yote kwa ajili ya ndege, na mimi sikujua aliizimia wapi. Nilipowapanga akina mama wa kikundi, wamevaa vitenge vya sare, wamekaza shingo na kufunga midomo, nilipiga mara moja, mara mbili, nikawaambia asanteni. Hakuna aliyesogea.

"Hujapiga," akasema mwenyekiti wao kwa kona ya mdomo, bila kuharibu uso.

"Nimepiga, mama. Tayari."

"Hatujasikia kitu. Sisi tunajuanga kamera."

"Hii haina mlio."

"Kama haina mlio ni ya nini? Piga, mzee, jua linatuchoma!"

Nilipiga tena. Wakangoja tena. Nyuma yao bibi mmoja akaanza kutikisika kwa kuchoka. Mwishowe niliinua kamera, nikabonyeza, na nikasema kwa ulimi wangu mwenyewe, "Kacha!" Mabega yao yote yakashuka kwa pamoja, wakapumua, wakaondoka wakinishukuru. Siku nzima nikapiga picha hivyo, nikisema kacha kila mara kama mtoto anayecheza. Nilicheka mwenyewe njiani. Nilimsimulia Nashon ili naye acheke, na alicheka sana, akaniomba nirudie mbele ya Mama Fatuma, nikarudia.

Wiki chache baadaye alikwenda Nairobi kununua kamera. Nilimsindikiza kituoni, nikamwombea safari njema. Aliporudi aliweka sanduku mezani, na kabla hajalifungua nilijua kwa ukubwa wake. Ilikuwa nzito, nyeusi, ya kioo. Nilikaa kwenye kigoda cha wateja.

"Khotsa, sikiliza kwanza," akasema. "Lenzi zetu zote zinaingia hapa. Ile nyingine tungeanza upya. Pili, watu wetu wanapendanga kamera kubwa. Ukienda na kale kadogo kwa harusi ya mtu wa maana atauliza mpiga picha yuko wapi. Tatu, wewe mwenyewe umeona. Watu wanangoja mlio. Wakisikia mlio wanajua wamepigwa, kila mtu anaweka uso wake tayari. Si ulikuwa unapiga picha na mdomo?"

"Na macho yangu?"

"Hii pia ina skrini ya nyuma. Utatazama hapo."

Yote aliyosema yalikuwa kweli. Hilo ndilo lililonitesa zaidi. Ningeweza kubishana na uongo. Lakini kuhusu lenzi alisema kweli, kuhusu watu wetu alisema kweli, na hata ile skrini ya nyuma ilikuwepo; ila jua la saa sita likiiwakia huoni chochote ila uso wako mwenyewe, na kamera nzito ukiinyoosha mbali na kifua mikono inatetemeka. Nilikwenda nayo hivyo hivyo. Nilimwomba Mungu auongoze mkono wangu, na kwa muda aliuongoza, hadi harusi ya Butali.

Ilikuwa familia ya wakulima wa miwa, watu wakarimu. Walitukalisha kwenye viti vya kitambaa, wakatuletea kuku mzima na wali na chapati kabla hata wageni wa heshima hawajala, na baba wa bwana harusi akaniambia amenichagua mimi kwa sababu nilimpiga picha yeye siku ya harusi yake. Nashon alishika picha za nje, akaniachia za kanisani na za keki. Picha zilipotoka, keki ilionekana vizuri mno. Ungeweza kuhesabu maua ya sukari. Nyuma yake bwana na bibi harusi walikuwa kama watu waliosimama nyuma ya mvua. Kamera ilishika keki na mimi sikuona. Bibi harusi alikuja studio na mama yake. Hakupiga kelele, alishika picha moja baada ya nyingine akizisogeza karibu na uso, kana kwamba kosa liko kwa macho yake. Nashon akasema, mbele yangu, kwa sauti ya upole kabisa, "Mtatusamehe. Mzee wangu ameanza kuchoka." Nao wakanitazama kwa huruma. Nimetukanwa maishani, na matusi nimeyasahau. Ile huruma sijaisahau.

Siku hizo hizo nilikuwa kwenye chumba kidogo cha nyuma, nikipanga fremu, wakati Nashon alipoingia hotelini kula na Kevo, mtu wa video tuliyefanya naye kazi za harusi. Ukuta wa plaiwudi ulikuwa karibu na sikio langu. Nilisikia sahani zikiwekwa, kisha Kevo akauliza, "Lakini si mlikuwa mnunue ile ndogo? Ile ya mzee?"

"Ile ndogo angepiga nayo mpaka afe," Nashon akasema, na wakacheka.

"Wee! Khotsa wako huyo."

"Sasa mimi ningoje mpaka lini? Studio ina jina lake. Mtu akiingia anauliza mzee yuko wapi. Mimi bado ni wa kushika taa, na nina watoto sekondari."

"Si umwambie tu apumzike."

"Nimwambie khotsa atoke? Unataka ukoo wote unikalie kikao? Wacha macho yamwambie. Macho yakimwambia, nani atanilaumu?"

Hapo sauti ya Mama Fatuma ikasema, "Nyinyi kuleni mwende. Huyo mzee ni jirani yangu." Nikasikia kiti kikivutwa. Nilibaki nimeshika fremu tupu. Kilichonijia akilini, kabla ya hasira, kilikuwa ile firigisi, jinsi alivyoisogeza upande wangu wa sahani kwa mkono safi alionawa. Sijui kama siku ile ya firigisi alikuwa mkweli na baadaye akabadilika, au kama alishaamua akiwa bado ananawa. Nimeliuliza swali hilo katika maombi miaka yote hii. Mungu amenijibu mambo mengi, hilo hajanijibu.

Sikumwita kikao. Nilimpa ufunguo nikamwambia macho yamekataa. Aliupokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema, "Basi nibariki, khotsa." Mpwa akiomba baraka, mjomba hutoa. Nilimwekea mkono kichwani na nikatamka maneno yote, sikupunguza hata moja. Truphena nilimweleza jioni, alipokuwa anachagua mboga ya kunde. Aliendelea kuchambua majani mpaka yakaisha, kisha akasema, "Na ukambariki." Nikasema nimembariki. "Wewe ni mtu mzuri," akasema, na mpaka leo sijui kama ilikuwa sifa.

Nashon alistawi. Studio ilipata rangi mpya na jina jipya. Haukupita muda mrefu, zile kamera zisizo na kioo zikawa ndizo kila mtu anazozitaka, na yeye akaiuza ile kubwa, akanunua ndogo. Aliniletea nyumbani kunionyesha, bila haya yoyote, akaniambia, "Ona khotsa, inatafuta jicho yenyewe." Niliichukua nikaweka jicho la kulia kwenye kidirisha, lile lililokwisha, makusudi, ili nisione. Nikamwambia ni nzuri. Tuliendelea kusali kanisa moja. Mimi kama mzee nilipitisha mkate wa meza ya Bwana, na kila mara nilipofika kwenye benchi lake nilimpa, naye akapokea, akasema amina. Kila siku nimesali ile sala ya kuomba tusamehewe kama tunavyosamehe, na sikuwahi kuruka mstari huo. Niliamini kwamba nikiusema kwa uaminifu, siku moja nitaukuta umekuwa kweli. Alipougua nilikwenda kumwombea. Alikonda sana. Alinishika mkono na nikangoja, Mungu anajua nilivyongoja, lakini alichosema ni kwamba soda iko kwenye friji, mtu anipatie.

Mazishini walikuja watu wengi. Mshereheshaji aliita makundi kwa kipaza sauti: mjane na watoto, wakwe, wanakwaya, wafanyabiashara wa soko. Aliyepiga picha alikuwa mwanamke mmoja ambaye Nashon alikuwa amemwajiri, hodari, na mkononi alikuwa na kamera ile ile ndogo ya Nashon. "Upande wa mama sasa! Wajomba! Wajomba wako wapi?" Nilikwenda, nikasimama penye kichwa cha jeneza, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Nilifunga kifungo cha koti. Nilitazama chini nikauona uso wake nyuma ya kioo cha jeneza, na nikasema moyoni, sasa, Bwana, nisaidie, niweke uso wa mtu aliyesamehe. Nilianza kuutafuta. Nililegeza taya. Nilinyoosha paji. Niliinua macho kuelekea kamera, nikangoja mlio ili nimalizie.

"Asanteni, wazee wangu," yule mwanamke akasema. "Tayari." Alikuwa ameshageuka kuita kundi jingine.

Jana picha zililetwa nyumbani. Truphena alizitazama kwanza, karibu na dirisha, na alipofika moja akaiweka kifudifudi juu ya meza, akaenda kutazama chungu ambacho hakikuhitaji kutazamwa. Nilichukua lenzi yangu ya kusomea nikaigeuza. Kamera ilikuwa imefanya kazi yake, kimya, kabla sijainua macho. Ilitafuta macho, ikayapata ya kila mmoja, ya ndugu zangu, na yangu hata lile lililokufa, yote makali kama sindano. Wanne wanamtazama marehemu kwa huzuni. Wa tano, mwenye koti lililopigwa pasi vizuri, anamtazama kama mtu anavyomtazama mwizi wake.

Uso ule mwingine nilikuwa nao. Ulikuwa karibu tayari. Ulikuwa unangoja kacha.